Nakala Isiyofunguka Si Akiba

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mimi ni karani wa parokia, na ukweli wa methali hiyo nauona kila mara nifunguapo kabati la vitabu. Lakini siku hizi yafaa tuongeze neno: hata daftari lenyewe, lisipokuwa na nakala, hupotea bila habari. Na nakala isiyofunguka ni kama ghala lililojaa mahindi ambalo ufunguo wake umetumbukia mtoni. Mahindi yamo, nawe wafa njaa mlangoni.

Leo napenda tuzungumze juu ya jambo hilo, maana limetufika huku kwetu, na laweza kukufika wewe pia, hata kama huna kompyuta bali una simu ya mkononi tu. Usiogope maneno mageni. Nitayaeleza moja moja, kama nilivyofundishwa katika chuo cha ualimu: kwanza kitu, halafu jina lake.

Mkulima mwenye akili hali mahindi yake yote. Hutenga mbegu, akazitundika juu ya meko zipate moshi, wadudu wasizile. Nakala ya akiba ndiyo mbegu hiyo. Ni mfano wa pili wa kazi yako, uliowekwa mahali pengine, ili ule wa kwanza ukiharibika uanze upya. Katika kompyuta kazi hiyo hufanywa na programu maalumu. Mara ya kwanza programu hunakili kila kitu; hiyo ni nakala kamili. Siku zifuatazo hunakili yale tu yaliyobadilika. Hizo ni nakala za nyongeza. Kwa hiyo nyongeza ya leo huitegemea ya jana, na ya jana huitegemea ile nakala kamili ya kwanza, kama tofali lililo juu ya tofali. Ukiondoa la chini, ukuta wote waanguka.

Tena, programu nyingi za namna hii haziweki picha na barua kama zilivyo. Huzifunga katika mafurushi, huzibana zipunguze nafasi, huzitia neno la siri, na kuandika orodha ya kueleza kitu gani kimo katika furushi gani. Hapo ndipo penye jambo. Aliyefunga furushi ndiye ajuaye fundo lake. Akija mwingine na fundo jingine, aweza kulitazama furushi asijue pa kuanzia kulifungua.

Sasa, toleo la majaribio ni nini? Watengenezaji wa programu, kabla hawajaimaliza kazi yao, huwapa watu waitumie ili makosa yaonekane. Toleo hilo huitwa beta, kwa jina la herufi ya pili ya Kigiriki. Mara nyingi hutolewa bure, na matoleo mengine huwekewa siku ya mwisho. Lakini ni kazi isiyokwisha: namna ya kufunga mafurushi yaweza kubadilika kabla ya toleo kamili kutoka. Mtu akiweka akiba ya miaka mingi katika toleo la namna hiyo, amejenga ghala juu ya msingi ambao fundi bado anaupima.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Lakini kwanza nikueleze ni mali gani iliyokuwa ndani ya ghala hilo.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 535, yaagiza kila parokia iwe na vitabu vya Ubatizo, vya Ndoa na vya Marehemu, na kwamba vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Wala agizo la kuandika si jipya. Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 tayari kiliwataka maparoko wawe na vitabu hivyo. Katika kitabu cha Ubatizo huandikwa jina la mbatizwa, wazazi wake, msimamizi wake, mbatizaji, mahali na siku. Kwa wazee wengi wa vijijini, mstari huo mmoja ndiyo maandishi ya kwanza duniani yaliyotaja kwamba wamezaliwa. Hata leo, mtu mzima aombapo RITA cheti cha kuzaliwa kwa kuchelewa, cheti cha Ubatizo ni mojawapo ya vielelezo awezavyo kupeleka.

Basi kitabu chetu cha miaka 1957 hadi 1964 kilikuwa kimechakaa. Mwaka 2016 karani aliyenitangulia, mtu mwenye bidii, alizipiga picha kurasa zake zote, akazitia katika kompyuta, na kuweka programu ya akiba. Ilikuwa toleo la majaribio, namba 0.9, lililopatikana bure. Akiba ikaingia katika diski ya nje, na diski ikafungiwa katika sanduku la chuma la parokia. Mwaka 2021 radi iliiua kompyuta ile. Mwaka 2022 tulipewa nyingine, na programu ileile ikawekwa. Masika ya mwaka huohuo bati la ofisi likavuja, na unyevu ukawaita mchwa. Walikila kitabu kile kuanzia katikati, kikabaki jalada na mavumbi. Hivyo picha zile zikawa mahali pamoja tu: ndani ya mafurushi ya diski ile.

Mimi nilikabidhiwa ofisi mwaka 2023. Mwaka 2024 programu ikatangaza kwamba muda wa majaribio umekwisha na haitafanya nakala mpya. Fundi akaitwa kutoka mjini. Akaliondoa toleo la zamani, akaweka toleo kamili, namba 2.1. Alama ya kijani ikawaka kwenye kona ya kioo. Akasema, "Tayari, karani, lala usingizi." Akapokea ujira wake, akaenda zake.

Wiki ya tatu baada ya hapo alikuja mama mmoja wa makamo ya miaka 65, akitembea kwa mkongojo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na kabla hajaketi akasema, "Nimekuja kutafuta jina la baba yangu."

Baba yake alikuwa na shamba la kahawa. Wazee walipokwisha kufariki, watoto wa ndugu zake wakamwambia kwamba yeye si mtoto wa damu, ati alikuwa yatima aliyeokotwa na kulelewa tu pale nyumbani, na kwa hiyo hana fungu. Yeye alibatizwa mwaka 1959. Kitabu cha mwaka huo ndicho kilicholiwa na mchwa.

Nikaitoa diski katika sanduku, nikaiambia programu mpya ifungue akiba ya zamani. Ikajibu kwamba mafurushi yale si ya aina inayotambulika. Nikajaribu tena, jibu likawa lilelile. Mama yule alikuwa ameketi nyuma yangu, akauliza, "Limeonekana?" Nikamwambia, "Bado, mama. Nipe siku chache."

Ndugu msomaji, kazi ya siku hizo chache ndiyo nipendayo uijue, maana ni dawa ya ugonjwa unaowapata wengi.

Kwanza, tulikataa kubonyeza ovyo. Programu mpya ilikuwa ikishawishi: "Anza akiba mpya? Futa mafurushi yasiyotumika?" Mtu mwenye wasiwasi hujibu ndiyo, na kwa neno hilo moja hufuta kile anachokitafuta. Nikaitoa diski. Nikaazima diski nyingine kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, nikanakili mafurushi yote kama yalivyo. Toka hapo majaribio yote tuliyafanya juu ya nakala hiyo. Diski ya asili ikarudi sandukuni.

Pili, niliandika katika daftari maneno yenyewe ya kosa, neno kwa neno, pamoja na siku, saa na namba za matoleo yote mawili. Mgonjwa akimwambia daktari "naumwa tu", hatibiwi vizuri. Fundi naye ukimwambia "haifanyi kazi tu", hana pa kushika.

Tatu, nilisoma maelezo yaliyokuja na toleo jipya, yale ambayo watu huyapita haraka ili wafike mwisho. Humo mliandikwa wazi kwamba akiba iliyofanywa na matoleo kabla ya namba 1.0 haifunguliwi na toleo la 2. Sharti kwanza irejeshwe kwa toleo lilelile lililoifunga. Basi mafurushi hayakuoza. Tulikuwa tunalishika fundo la zamani kwa mkono usiolijua.

Nne, nilitazama tarehe za mafurushi. Hapo nikaona jambo jingine la kutisha: tangu siku ya fundi hapakuwa na furushi jipya hata moja. Ratiba ya kila usiku ilikuwa bado inaiita programu ya zamani, nayo imekwisha kuondolewa. Zaidi ya hayo, kompyuta huita kila diski kwa herufi. Diski yetu ilikuwa E; siku fundi alipochomeka flashi yake, flashi ikatwaa herufi hiyo, na diski yetu ikawa F. Mipangilio ikaendelea kumtafuta E asiyekuwapo. Na ile alama ya kijani? Maana yake ilikuwa kwamba programu i macho. Haikusema kwamba imefanya kazi. Mlinzi naye huweza kuwa macho usiku kucha, huku amelinda nyumba isiyo yenyewe.

Tano, tukalitafuta toleo la 0.9. Mungu ambariki karani aliyenitangulia: alikuwa ameiweka programu yenyewe katika diski ileile, kando ya mafurushi, na neno la siri katika bahasha iliyotiwa muhuri ndani ya sanduku la chuma. Bila bahasha ile, hadithi yetu ingeishia hapo. Mwalimu mkuu alitupatia kompyuta kuukuu isiyo na intaneti, tukaiweka programu ya zamani humo. Haikukubali kufanya nakala mpya kwa kuwa muda wake umekwisha, lakini ilikubali kufungua za zamani. Orodha yake ilikuwa imepotea pamoja na kompyuta ya kwanza, kwa hiyo tukaiamuru ijenge orodha upya kwa kusoma furushi moja baada ya jingine. Kazi hiyo ilianza saa kumi na mbili jioni kwa umeme wa jua, ikamalizika karibu na kengele ya asubuhi.

Picha 318 zilitoka. Nne tu zilikuwa zimeharibika, maana furushi moja la nyongeza lilikuwa na doa.

Tukatafuta mwaka 1959. Mstari wa mama yule ulikuwapo, katika mwandiko wa padre wa zamani, wino umefifia lakini wasomeka: jina lake, jina la baba yake, jina la mama yake. Na katika safu ya msimamizi palikuwa na jina la binti wa kijiji cha pili. Paroko alipolisoma jina hilo alitabasamu, maana bibi huyo yu hai, ana umri wa miaka 85, na hupelekewa Komunyo nyumbani kila Ijumaa ya kwanza. Baraza la ukoo lilipokaa, bibi aliletwa kwa pikipiki, akawauliza wale vijana, "Ninyi mlikuwapo? Mimi nilimshika mikononi, mama yake akiwa bado hajapata nguvu za uzazi." Walinyamaza. Mama yule alipewa fungu lake, miti ya kahawa iliyo upande wa mto.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya sisi wa vijijini tu. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za watengenezaji wa programu wa dunia nzima, ilipatwa na msiba. Fundi mmoja, katika kuhangaikia tatizo usiku, alifuta hifadhi ya data katika mashine isiyo yenyewe. Katika gigabaiti 300 hivi, zilisalia 4.5 tu alipozuia. Walipokwenda katika akiba wakakuta patupu. Kwa nini? Hifadhi yao ilikuwa ya PostgreSQL toleo la 9.6, lakini chombo cha kunakili kilichokuwa kikiitwa kilikuwa cha toleo la 9.2. Matoleo hayakupatana, nakala ikakatika kila mara bila kelele. Barua za kuwaonya nazo zilikuwa zimekataliwa njiani. Walikuwa na njia tano za akiba, na wenyewe walikiri kwamba hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyotumaini. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi aliichukua kwa mkono yapata saa sita kabla, kwa ajili ya jaribio. Data za hifadhi hiyo za saa hizo sita zilipotea.

Mwaka 1998 nako Marekani, katika studio ya Pixar, mtu alitoa amri iliyofuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 iliyokuwa ikitengenezwa. Akiba ilipofunguliwa ikaonekana haifai. Filamu iliokolewa na mama mmoja wa kazi, Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua na kufanyia kazi huko. Wakubwa wenye mali na mafundi wengi waliokolewa na nakala iliyolala nyumbani kwa mzazi!

Basi, kutoka katika haya yote, nakuachia mambo manne ya kushika.

La kwanza: usiache mbachao kwa msala upitao. Ukibadili programu, au ukibadili simu, usitupe ya zamani siku hiyohiyo. Iweke mpaka umeona kwa macho yako kwamba mpya yafungua vitu vya zamani. Na programu ya majaribio itumie kwa kujifunza, lakini usiikabidhi kitu usicho nacho mahali pengine.

La pili: baada ya kubadili toleo, fanya nakala kamili mpya, usiendeleze nyongeza juu ya msingi wa zamani. Kisha tazama ratiba, tazama herufi ya diski, tazama tarehe ya faili la mwisho. Usiiamini alama ya kijani. Amini kitu kilichorejeshwa na kusomwa.

La tatu: mafundi wana kanuni wanayoiita tatu, mbili, moja. Kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali na nyumba. Radi ikipiga, au moto, au mwizi, hautapotea vyote. Sisi sasa tuna nakala ofisini, ya pili katika diski ya sandukuni, na ya tatu makao makuu ya jimbo. Tena zile picha hatuzifungi katika mafurushi. Ziko wazi kama picha za kawaida, ili hata karani wa miaka hamsini ijayo aweze kuzitazama bila kuitafuta programu yetu.

La nne: neno la siri na programu yenyewe vikae pamoja na akiba, lakini neno la siri liwe katika bahasha iliyofungwa, na watu wawili wajue ilipo. Sisi sote twapita. Kazi yafaa ibaki.

Wewe baba, wewe mama, waweza kusema, "Mimi sina vitabu vya parokia." Lakini unayo picha ya hati ya shamba katika simu. Unayo matokeo ya mtihani ya watoto, daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, labda sauti ya marehemu mama yako akiimba. Unasema vimehifadhiwa. Je, umepata kuvifungua kutoka huko vilikohifadhiwa?

Jumapili hii, baada ya Misa na chakula, mwite kijana wako mwenye kuelewa simu. Chagueni picha moja tu ya thamani, muitoe katika akiba, mkaifungue kwenye simu nyingine, wote mkiona. Ikifunguka, mshukuruni Mungu mkaendelee. Isipofunguka, mmejua leo, wakati ile ya asili ingali mikononi mwenu.